Mkono wa Mukhwana na Betri ya Simu

Mukhwana hakuwa mtu wa kuacha kitu kijiponye. Redio ikikoroma, ameshaifungua. Bomba la ploti yetu Kaloleni likitoa hewa, yuko hapo na spana. Mara ngapi nilimwambia, "Baba Khavere, vitu vingine viache tu, vitarudi vyenyewe." Ananicheka, anachukua mandazi yangu, anaenda zake. Mkono wake haukujua kutulia, na hilo liliniudhi tangu zamani.

Mwaka wa tisini na tisa tajiri ambaye Mukhwana alikuwa dereva wake akampa simu ya mkono, amwite anapomtaka. Ndani ya nyumba zetu za mawe netiwaki ilikuja na kupotea. Mukhwana akajifunza dawa zake: vuta eriali, toa betri, pangusa kwa shati, rudisha, washa. Mwishowe akagundua kwamba kwenye ngazi za ukumbi wa mtaa, karibu na karai langu la kukaangia mandazi ya kuuza, inashika afadhali.

Jumamosi moja alishinda hapo. Baba yake alikuwa taabani Bungoma, nyumbani kwa Wamalwa, mdogo wake Mukhwana, ambako kulikuwa na simu. Basi la kwenda huko lilikuwa la jioni, na mzee hangeishi mpaka jioni. Sasa elewa: Mukhwana hakwenda kumzika mama yake, na mzee akamlaani, akasema naye asije kuzikwa na mtoto wake. Tangu hapo yeye na mkewe Marion wamezika watoto wawili. Amebaki Khavere, naye anakohoa tangu Krismasi. Kwetu laana huondolewa na mdomo ulioitoa, mwingine hawezi. Na mzee alikuwa amekubali kuiondoa.

Simu ikalia. "Mukhwana..." Ikakatika. Akatoa betri, akapangusa, akarudisha. Wamalwa akapiga tena, ikakatika tena. Mimi nageuza mandazi na roho iko juu.

Ilipolia tena, sauti ya mzee ikatoka safi hata mimi nikaisikia. "Mwanangu, lile neno nililokutamkia..."

Kisha kimya.

"Baba? Baba, unanisikia?"

"Tulia," nikamwambia. "Ngoja kidogo."

"Imekatika, Ayuma," akasema, na vidole vyake vilikuwa tayari vimefungua kifuniko. Akatoa betri, akapangusa, akarudisha, akawasha. Tukangoja.

Wamalwa alipopatikana alikuwa analia. Mukhwana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Haikuwa imekatika," akasema. "Mzee alikuwa anatafuta pumzi. Aliposikia simu yangu imezimika, akasema, 'Amenikatia.' Akageukia ukuta, akakata roho."

Nilikasirika, sikufichi. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nilikuwa nimemwambia atulie. Nikamkasirikia na huyo mzee pia, kuweka neno kama lile miaka yote mpaka pumzi imwishie. Lakini nilipomtazama Mukhwana, ile mikono imelala magotini kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hasira ikaniishia nikaona uchungu tu.

Marion akaja na Khavere mgongoni, mtoto anakohoa. "Mzee amesema?" akauliza.

Mukhwana alikuwa anaiangalia simu. Netiwaki ilikuwa imejaa. Mimi nikamfungia mtoto mandazi kwenye gazeti.