Hukumu Niliyompa Mbwa wa Mzee Faki

Haki ilikuwa yangu, jamani, msinicheke mapema. Mbwa dume wa Mzee Faki, jirani yetu hapa Ole, huachiwa azurure. Kakutana njiani na mbwa wetu jike, mlinzi wa shamba. Sasa wetu ana mimba, kazi kulala tu, na tumbili wanatumalizia muhogo.

Nikambeba mwanangu mgongoni mpaka barazani kwa Mzee, wanaume wamejaa tele. Hata salamu sikutoa.

“Mbwa ni dhamana, Mzee! Kama kumfunga huwezi, mtahiri!”

Nilikusudia “mhasi”. Na sekondari nimesoma!

Mzee akanijibu kwa upole:

“Haya, mwanangu, ngariba ntamwita. Na kidonda kikimuuma, kumpepea utakuja wewe?”