Vipande Vinne vya Bomba kwa Tuba ya Papa

Enzi zetu, sisi tuliolelewa Bukavu kabla ya kurudi Rwanda, Jumamosi ilinuka ndimu na majivu. Asubuhi, kabla hujauliza hata chai iko wapi, ulikuta tuba ya Papa, tarumbeta kubwa kuliko zote, imelazwa uani juu ya mkeka, inasubiri kusuguliwa. Wenzetu walikuwa barabarani wanacheza mpira wa majani ya migomba, wanatuita kwa majina, na sisi watoto wanne tumeinama na vitambaa. Kwanza majivu, halafu ndimu, halafu maji, halafu kitambaa kikavu. Papa alikagua kwa kutazama ndevu zake ndani ya shaba. Asipojiona, tunaanza upya. Na kila Jumamosi alisema maneno yale yale: "Muntu asiguse tuba na mikono ya sambaza. Nitasikia harufu kesho ku kanisa." Tulikula sambaza, vidagaa vya ziwani, karibu kila siku, kwa hiyo tulinawa mikono kuliko watoto wa daktari. Mpe kijana wa leo majivu na ndimu umwambie asugue shaba, atakuuliza kama hakuna programu ya simu ya kufanya hiyo kazi.

Kanisani kwetu hakukuwa na kinanda. Kulikuwa na fanfari, watu kumi na mmoja wenye tarumbeta za kila ukubwa, na Papa mwishoni mwa mstari amekumbatia tuba iliyomfunika nusu ya uso. Ibada ilianza hivi: Papa anatoa sauti moja, ndefu, ya chini kabisa, mpaka unaisikia kwenye benchi ulilokalia. Wenzake wanasukuma na kuvuta mabomba ya tarumbeta zao hadi wakubaliane naye, maana tuba ilikuwa kongwe, iliundwa Ulaya kabla Papa hajazaliwa, na haikuwa na desturi ya kumfuata mtu. Halafu Maman, aliyesimama mbele ya wamama wote, anaichukua sauti ile na kuanzisha wimbo. Hakuna aliyefungua mdomo kabla yake. Nilijivuna, siwezi kuficha. Sauti ya kwanza ya Jumapili ilikuwa ya baba yangu na ya pili ilikuwa ya mama yangu.

Sisi wasichana tulisugua, lakini kupuliza ilikuwa kazi ya wavulana. Nilipuliza hivyo hivyo, Papa akiwa kazini, nimejifungia chumbani na tuba iliyonizidi uzito. Midomo ilivimba nikashindwa kula ugali. Maman alinitazama, akanipa uji. Wiki iliyofuata Papa alipotoka, Maman mwenyewe ndiye aliyefunga mlango wa mbele ili nipulize.

Tuliporudi Rwanda, Papa alivuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kwa miguu, tuba mgongoni kwenye kitenge kama mtoto. Mtu wa forodha akauliza hiyo ni bidhaa gani. Papa aliishusha, akafuta kipulizio kwa shati, akapuliza ile sauti yake. Wabeba mizigo walisimama na magunia vichwani. Yule mtu wa forodha alicheka, akatupungia mkono tupite, na sisi watoto tukavuka daraja tukitembea kifua mbele kana kwamba tumeshinda vita.

Papa alifariki miaka kadhaa baadaye, tukiwa tumeshajenga Gihundwe. Katika fanfari yao, mpigaji akiondoka, chombo chake husimamishwa mdomo chini, mpaka apatikane mwingine wa kukigeuza. Maman aliisimamisha tuba kwenye kona ya stoo, mdomo chini. Mpigaji hakupatikana. Ikazungukwa na magunia ya maharage yanayotoka shambani Nzahaha, ikasahaulika, na mimi ni mmoja wa waliosahau.

Sasa kanisa letu lina kinanda cha umeme, na kijana anayekipiga anaitwa Kevin. Si kijana mbaya. Anabonyeza kitufe kimoja, ngoma zinajipiga zenyewe, naye anapata nafasi ya kuangalia ujumbe kwenye simu. Maman, ingawa amekaribia miaka themanini, alikuwa bado anaanzisha nyimbo za zamani. Siku moja kwenye mazoezi Kevin alisimamisha ngoma zake akasema mbele ya wote: "Maman, munaanzisha juu. Hiyo ton haiko ku piano." Yaani kimo cha sauti alichoanzia hakimo kwenye kinanda. Wasichana wa kwaya wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Maman aliketi. Tangu siku hiyo hakuimba tena kanisani, hata kwa kunong'ona. Nilipomuuliza alisema, "Masikio yangu ilizeeka, mutoto wangu. Uniache tu."

Sikumwacha. Nina kibanda cha kuziba rejeta za magari pale Kamembe, kazi niliyofundishwa na marehemu mume wangu, na shaba naijua kama wengine wanavyojua unga. Nikaamua kuifufua tuba, niipige kando ya kinanda, ili Maman apate sauti ya chini kama zamani na aanzishe pasipo kukosea. Nakiri hapa kwamba na mimi niliamini masikio yake yamezeeka. Nilitaka kumsaidia, huku nimeshamhukumu.

Niliigeuza tuba nikaitoa stoo. Ilikuwa imebonyea sehemu nyingi, pistoni zake tatu zimeganda, na buibui wamehamia humo na ukoo wao wote. Pistoni nililowesha kwa mafuta ya taa siku tatu, nikawa nazibembeleza asubuhi na jioni hadi zikasogea. Mabonde niliyatoa kwa gololi kubwa ya beringi, naisukuma ndani ya bomba, nagonga nje polepole kwa nyundo ya mbao. Nyufa nikazilehemu. Wateja walikuja na rejeta zinazovuja wakanikuta nimekumbatia tuba, wakaniambia nimepagawa. Niliwaambia wasubiri au waende kwingine. Wengi walisubiri, wakakaa kunishauri mambo wasiyoyajua.

Nilipoipeleka kwenye mazoezi, tuba na kinanda vilikwaruzana hadi watu wakaziba masikio. Kevin, kwa heshima kabisa, akabonyeza kitufe cha kupandisha kinanda. Kikaipita tuba. Akarudisha, kikawa chini yake. Sauti ya Papa ilikuwa imekaa katikati, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. "Hii tuba ilikuwa ya zamani, Maman," akaniambia, maana kwake kila mwanamke mzima ni Maman. "Zamani balikuwa banapiga juu." Dawa yake niliijua mara moja: bomba likirefushwa, sauti inashuka. Tuba ina bomba kuu lililopinda kama herufi U, linalochomoka kwa mkono, na kila pistoni ina dogo la aina hiyo. Nikaona nikate lile kubwa katikati, niongeze kipande, nilehemu, kazi iishe.

Kesho yake nilikuwa uani nyumbani, bomba kuu limebanwa kwenye jiliwa, msumeno mkononi. Kabla ya kukata nikataka kuisikia mara ya mwisho ilivyo. Nikalirudisha bomba, nikakaa juu ya ndoo, nikatoa ile sauti ndefu. Maman alikuwa jikoni anachambua maharage, redio iko kimya. Sauti yangu haijaisha, nikamsikia ameanzisha wimbo, ule wa Jumapili zetu zote, sawasawa na sauti ya tuba, bila kuitafuta, bila kupanda wala kushuka. Hapakuwa na mkwaruzo hata kidogo.

Nilibaki na midomo kwenye shaba. Hakuwa amekosea kamwe. Miaka yote hiyo, bila Papa, bila tuba, alikuwa anaanzisha pale pale alipopewa na mumewe. Nililia, kisha nikaenda jikoni nikamwambia. Aliendelea kuchambua maharage. "Papa yako njo alinitiaka pale," akasema. "Mi nilijua. Nilichoka kubishana na mashini."

Msumeno niliurudisha kwenye sanduku. Nikaamua mabomba ya Papa sikati hata moja. Nitaunda mengine, marefu, ya kuvalisha na kuvua. Shaba nilitoa kwenye rejeta za malori makuukuu. Kosa langu lilikuwa la fundi rejeta: nilitengeneza bomba kuu peke yake, kwa sababu kwenye rejeta ukirekebisha njia moja, maji yote yanafuata. Kwenye tuba sauti tupu ikakubaliana na kinanda, lakini nikibonyeza pistoni yoyote, ugomvi unarudi. Nikalazimika kutengeneza vipande vinne, kila kimoja na kipimo chake. Kile cha pistoni ya pili kilizidi cha zamani kwa nusu ya upana wa kidole, na nilikirudia mara tano. Sikuwa tayari kushindwa na nusu kidole.

Jumapili ya Pentekoste nilipiga na Kevin ibada nzima, nimevalisha vipande virefu, na tulipatana vizuri. Kabla ya wimbo wa mwisho nilisimama. Nikachomoa vipande vinne mbele ya watu wote, nikarudisha vya Papa, nikamwomba Kevin aondoe mikono. Nikatoa sauti. Maman akainuka na kuanzisha. Nyuma yake, benchi hili na lile, wakainuka wazee wengine waliokulia ng'ambo, wamama sita, wakadaka wimbo pale pale alipouweka. Vijana wa kwaya waliwatafuta kwa sauti, wakawapata kwenye ubeti wa pili. Ibada ilipokwisha Kevin alimwendea Maman akapiga goti. "Maman, munisamehe. Sikujua kama kulikuwa na ton ingine."

Enzi zetu kanisa zima lilipanda kuifuata tuba moja kongwe, na hatukuona kama ni taabu. Siku hizi tuba ndiyo inayoshuka, na nimekubali, kwa sababu nyimbo ni za wote na vijana wanaimba vizuri kuliko ninavyopenda kusema. Lakini wazee wanaoijua sauti ile ya juu wamebaki saba, na najua wataondoka mmoja mmoja. Vipande vifupi vya Papa anavitunza Maman mwenyewe, kwenye kikapu chake, pamoja na Biblia na leso, na kila Jumamosi anavisugua kwa ndimu na majivu. Jumapili akikipandisha kikapu mapajani na kukifungua, Kevin huondoa mikono kwenye kinanda kabla sijamwambia.