Kilo Zilizokataa Kuondoka

Mimi na dada yangu mkubwa tulianza kupunguza mwili pamoja mwaka 2012, tukiwa tunakaa Ruti, pembeni ya mji wa Mbarara, Uganda, katika nyumba ya vyumba viwili upande wa juu wa barabara ya Kabale. Tulikula chungu kimoja na tukatembea njia moja. Baada ya miezi kadhaa yeye alikuwa amekonda mpaka sketi zake zinamzunguka kiunoni, na mimi nilikuwa vilevile nilivyoanza. Kwa muda mrefu jambo hilo lilinitia aibu. Sasa ninaweza kulieleza huku ninacheka.

Sisi ni watu wa Kivu ya Kusini. Tuliingia Nakivale, kambi ya wakimbizi, na mama yetu mwaka 2003, tukapewa kiwanja, tukajenga nyumba ya udongo, tukalima mahindi na maharage. Dada yangu aliuza ndagala, dagaa wa kwetu, sokoni. Mimi nilifundishwa kushona na mama mmoja wa kanisa letu. Nilipoolewa, mume wangu, fundi wa redio na simu, alipata kibanda Mbarara mjini, tukahamia huko. Nami nikaweka cherehani yangu kwenye baraza la duka la vitambaa. Kazi ilipozidi nikamwita dada. Mumewe alikuwa akichunga ng'ombe za watu kule Masha na watoto wao walikuwa wamekua kiasi cha kubaki na baba yao, kwa hiyo alikuja bila kusumbuliwa na mtu. Yeye alikata vitambaa, mimi nikashona.

Kunenepa hatukukuona kama tatizo. Tulipofika kambini tulikuwa mifupa mitupu, na kila mtu aliyeanza kujaa mashavu alipongezwa kanisani. Mjini kulikuwa na chapati, matoke, chai ya maziwa mazito ya nchi ile ya ng'ombe, na soda ambayo wateja walituletea kila walipotaka nguo yao imalizwe kwanza. Tukajaa. Nilifurahi nilipoona mikono yangu imekuwa ya mviringo kama ya bibi zangu.

Kisha magoti yakaanza. Kanisa letu liko juu ya mlima, na nikawa ninafika wakati wimbo wa kwanza umekwisha, nikihema. Jumapili moja muuguzi wa kanisa alipima watu presha baada ya ibada. Akampima dada, akatikisa kichwa. Akanipima mimi, akatikisa tena.

"Mama zangu," alisema, "mupunguze kilo. Vidonge vitakuja nyuma, lakini kwanza kilo."

Njiani kurudi nyumbani dada akasema, "Tufanye rejimu. Weye na mimi. Hakuna kudanganyana."

Tukaanza. Tuliacha chapati na mafuta. Ugali ukawa wa kukata kama kiganja cha mtoto, na sombe, kisamvu chetu, tukaipika bila mawese, kitu ambacho mama yetu angekiita dhambi. Kila alfajiri tulitembea kwa haraka kando ya barabara kuelekea mjini na kurudi, tumevaa raba za mitumba, tumejifunga vitenge juu ya suruali. Waendesha boda-boda walitupigia honi. Mmoja alizoea kutuuliza, "Nyabo, mama zangu, mnakimbia nani?" Dada alimjibu, "Tunakimbia weye!" Nilizipenda asubuhi zile. Ukungu ulikuwa bado mabondeni, malori yanapanda kwa shida kuelekea Kabale, na sisi wawili tunaongea Kibembe chetu bila mtu kutusikiliza. Tangu tuwe wasichana hatukuwahi kupata nafasi kama ile ya kuwa peke yetu.

Lakini mwili wa dada ulisikia na wangu haukusikia. Mwezi wa kwanza nilisema ni mwanzo tu. Mwezi wa pili nikasema labda mizani ya duka la dawa imeharibika. Nilipanda mizani nyingine, nayo ikasema maneno yaleyale. Dada alikuwa akikaza sindiria zake kwa pini, na mimi nilikuwa bado ninahema mlimani.

"Unakula kwa siri?" aliniuliza siku moja, bila ubaya.

"Nile wapi, yaya, dada yangu? Si tuko pamoja mchana kutwa?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko swali. Kuanzia hapo nikazidisha. Nikaacha chakula cha asubuhi. Mchana nikala kabichi ya kuchemsha. Jioni mume wangu alinitengea nyama kwenye sahani yangu, nami nikairudisha kwenye yake.

"Mimi sikukulalamikia," alisema.

"Najua."

"Basi nani amekulalamikia?"

"Magoti," nikamwambia. Akacheka, akala ile nyama.

Mwisho wa mwaka tulikwenda Nakivale kumsalimu mama. Tulishuka kwenye gari, tukakata njia ya mashamba, na mama akatuona kutoka mlangoni. Alinipita mimi, akamshika dada mabega.

"Mutoto wangu! Unakonda hivi? Ni nani anakunyimaka chakula kule?"

"Hakuna, mama. Tunafanya rejimu. Ni mimi mwenyewe ninapunguza."

"Unapunguza kitu gani? Ulikuwa na kitu gani cha kupunguza?" Kisha akanigeukia, akanipapasa mikono, uso wake ukafunguka. "Huyu, ndiyo. Huyu ameishi muzuri."

Kufikia jioni habari ilikuwa imezunguka fasi yote pale kambini. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakamtazama dada, wakashusha sauti. Kule kwetu mtu akikonda ghafla watu wanafikiria ugonjwa mmoja tu. Jirani wa upande wa chini alileta mayai. Mwingine alileta samaki mzima wa ziwani, mkubwa, aliyekwisha kaangwa. Jumapili mchungaji alimwita dada mbele aombewe, naye akasimama pale, mwenye afya kuliko sisi sote, macho amefumba, midomo inamtetemeka kwa kicheko. Mimi nilijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Watu walidhani ninalia.

Siku ya pili tulikaa na mama tukichambua maharage. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ndiye niliyefunga zaidi na mimi ndiye sikupungua hata kidogo. Nilitaka anionee huruma. Yeye aliendelea kuchambua.

"Mwili wako uko na kichwa kigumu," alisema. "Tangu zamani."

Akaanza kueleza mambo ya safari yetu ya mwaka 1996, tulipokimbia vita mara ya kwanza na kukaa porini, kabla ya kurudi kijijini na kukimbia tena. Mimi nilikuwa msichana mdogo. Nilikumbuka mvua na miguu ya watu waliotangulia mbele yangu, lakini sikukumbuka njaa. Mama aliikumbuka. Alisema dada alikuwa amechukuliwa na shangazi yetu katika kundi jingine lililopata mihogo, na mimi nilikuwa na mama, na kwetu hakukuwa na kitu. Tulikula majani. Nilivimba miguu, kisha uso, kisha uvimbe ukaisha nikabaki ngozi. Watu wa kundi letu walimwambia mama aniache chini ya mti kwa sababu nilikuwa nimekwisha.

"Nikasema hapana, huyu anapumua," mama alisema. "Watoto wanene kuliko weye walikufa. Weye ulikataa. Sasa unataka mwili ule ukusikilize kwa sababu ya kabichi?"

Dada aliacha kuchambua. Nikamwambia mama kwamba maharage yake mwaka ule yalikuwa mazuri. Akasema ndiyo, mvua ilikuja vizuri.

Ningetaka kusema kwamba nilirudi Ruti nikiwa mtu mwingine. Sivyo ilivyokuwa. Nilirudi kwenye kabichi, kwa sababu magoti yalikuwa bado yanauma na presha ilikuwa bado juu. Jumamosi moja kwenye mazoezi ya kwaya, tulipokuwa tumefika kwenye sehemu ya juu ya wimbo, nikaona ukuta unasogea. Niliporudiwa na fahamu nilikuwa sakafuni, dada ananipepea kwa gauni la kwaya. Mume wangu alifika mbio. Alijaribu kunibeba, akashindwa, na waimbaji wawili wa sauti ya chini wakamsaidia kunitia kwenye teksi. Mpaka leo anasema aliteleza.

Zahanati aliyotupeleka ilikuwa na daktari mwanamke, Mnyankole, mwenyeji wa pale. Kiswahili chake alikipata kwa baba yake aliyekuwa mwanajeshi, nacho kilikuwa kifupi na cha moja kwa moja. Alinipima sukari, ikawa nzuri. Akanipapasa shingo, akatoa damu ya kupima tezi, nayo majibu yake, yaliyokuja siku chache baadaye, yalikuwa mazuri. Kisha akavuta kiti chake karibu.

"Wewe nakula nini asubuhi?"

"Sikuli."

"Mchana?"

"Kabichi."

"Halafu nakaa wapi?"

Sikuelewa swali. Dada ndiye aliyejibu. "Kwenye cherehani. Asubuhi mpaka jioni. Akitaka uzi, anatuma mtu. Akitaka maji, anatuma mimi."

Ilikuwa kweli, na sikuwahi kuiona. Dada alikata vitambaa akiwa amesimama, alizunguka meza, alipeleka nguo kwa wateja kwa miguu. Mimi nilitembea alfajiri kwa nguvu zangu zote, kisha nikakaa kama mzigo kwa sababu kabichi haikuniachia nguvu ya kuinuka. Daktari aliuliza pia usingizi. Nikasema sare za shule zikiwa nyingi ninalala saa chache. Akauliza kama ninatumia dawa yoyote, nikasema hapana, kisha nikakumbuka sindano ya kupanga uzazi niliyokuwa nikichomwa kila baada ya miezi mitatu. Dada hakuwa na haja ya sindano, mumewe akiwa Masha.

"Ile sindano," daktari alisema, "wanawake wengine naongeza kilo, wengine hapana. Tutabadilisha, tuone." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Wewe likaa na njaa zamani? Njaa kubwa?"

Nikamweleza yale mama aliyoniambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema hawezi kuniapia kwamba njaa ya utotoni ndiyo sababu, kwa kuwa mambo hayo yana mizizi mingi, na hata watoto wa tumbo moja hawatumii chakula kwa namna moja. Lakini jambo moja alikuwa na hakika nalo.

"Wewe nanyima mwili chakula, mwili naogopa. Nasema, njaa imerudi. Sasa natumia kidogo, naweka ile mafuta yake, nachoka haraka. Haikatai wewe, nyabo. Nachunga wewe."

Nililia pale kwenye kiti, na mume wangu akadhani nimeambiwa nina ugonjwa mbaya. Ilibidi dada amweleze mara mbili.

Basi nikaanza upya, na safari hii nilianza kwa kula. Asubuhi yai na uji usio na sukari, mchana maharage na mboga na kipande cha ugali, jioni chakula kama cha watu wengine. Soda za wateja nikamwachia mume wangu. Nilipeleka uzi, vifungo na zipu kwenye rafu ya mwisho kabisa ya duka, ili nilazimike kuinuka kuvifuata, na mwenye duka akalalamika kwamba ninamzibia wateja njia. Sare nikazikataa zilipozidi. Tuliendelea kutembea alfajiri, na siku nyingine tukapanda basi dogo hadi Biharwe kupeleka oda na kurudi kwa miguu sehemu ya njia, tukibeba vitambaa vya oda mpya kichwani kama tulivyobeba maji Nakivale. Daktari alisema kubeba ni vizuri, kunajenga misuli.

Kilo ziliondoka chache, polepole, halafu zikasimama. Ziko pale mpaka leo ninapoandika, mwaka 2015. Dada ni mwembamba, mimi ni mnene, na tukienda pamoja watu wanauliza nani mkubwa. Lakini gauni la kwaya nililishona upya kiunoni, presha imeshuka, na kanisani ninafika kabla ya wimbo wa kwanza. Daktari aliangalia karatasi zake, akaniambia anatamani wagonjwa wake wote wembamba wawe na moyo kama wangu.

Msimu huu wa kupalilia nilikwenda kumsaidia mama shambani. Dada alikuja pia. Kufikia saa nne jua lilikuwa kali, naye akaketi kivulini, kando ya chungu cha mchana, akasema mgongo wake umekwisha. Mama alichoka muda mfupi baadaye. Mimi niliendelea peke yangu, mistari ya maharage mbele yangu, udongo bado una unyevu wa mvua ya jana, jembe likiingia bila shida. Nikawasikia nyuma yangu wakigombana kwa upole kuhusu sombe, mama akitaka kuweka mawese, dada akimwomba aweke kidogo tu.

"Weka, mama," nikapaza sauti bila kugeuka. "Niko na njaa."

"Umesikia?" mama akamwambia dada, na nikasikia kifuniko cha chungu kinafunguliwa.