Mguu Niliouahidi

Kosa litakaloonekana hapa ni kupenda kushangiliwa. Sitaliita udhaifu, udhaifu huombewa huruma, na kosa hili alililipia mtu mwingine.

Nililipata ujanani, katika chuo cha Marekani nilikopelekwa kusoma kwa sababu ya wepesi wa miguu yangu. Nilicheza mpira wao wa kushika kwa mikono, nikiwa mpokeaji: kazi yangu ilikuwa kukimbia mbele ya wote na kudaka mpira uliorushwa kutoka mbali, kabla sijaangushwa. Ukiudaka, uwanja mzima husimama. Ukikuponyoka, watu wale wale hukuzomea. Nilikimbilia sauti hiyo hadi goti liliposagika na daktari akanikataza kucheza. Nikasomea uchungaji, nikidhani nimeyaacha hayo yote.

Mwaka 2017 nilikuwa mchungaji wa wagonjwa katika hospitali moja ya Johannesburg. Kwa kuwa nazungumza Kiswahili, niliitwa kila alipolazwa Mkongo, Mtanzania au Mrundi. Ndivyo nilivyomfahamu fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Malvern, mwenyeji wa Bukavu, Kongo, aliyeoza unyayo kwa kisukari. Daktari alitueleza sote wawili waziwazi: mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe upesi. Fundi alikubali. Aliniomba tu nimsindikize kwa sala.

"Pasta," alinitania, "wewe uliumia goti ukikimbiza mpira. Mimi nakatwa mguu nikishona suruali za watu. Nani mjinga kati yetu?"

Jumapili alasiri walikuja watu wa kanisa lake. Waliimba kwa sauti ya chini, kisha wakanyamaza wakinitazama. Katika kanisa lao mtumishi haombi tu. Hutamka jambo, nao hulipokea kwa kuinua mikono, na lililotamkwa huhesabiwa limekwisha kutendeka.

"Tamka, mtumishi!" akasema mzee wao.

"Tamka!" wakaitikia.

Nilijua alichosema daktari. Nilijua pia walichokuwa wakikisubiri. Niliweka mkono juu ya bandeji, nikasema, "Mguu huu hautakatwa." Wodi ikalipuka kwa vigelegele, nami, naandika kwa aibu, nilisikia furaha ile ile ya uwanjani.

Kesho yake fundi alikataa kutia sahihi fomu ya upasuaji. "Neno limeshatamkwa, Daktari." Daktari alinitazama mimi, si yeye. Baadaye nilimnong'oneza fundi kwamba Mungu hutumia hata madaktari. Alicheka. "Pasta, shetani anakujaribu. Simama imara." Homa ikapanda, na weusi ukavuka kifundo cha mguu.

Mkewe, ambaye ni msusi, alinisubiri kwenye ujia wa wodi, mabaki ya nywele za bandia yakiwa bado yameng'ang'ania sketi yake.

"Pasta, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Sasa kwa nini uko nanong'ona? Mbele ya watu ulipiga kelele."

"Nikikana mbele yao, wataniita mchungaji asiye na imani."

"Baache bakuite! Miye niko nataka bwana yangu, siko nataka muujiza. Jioni nitabaita bote. Utakuja ao hautakuja?"

Aliwapigia simu mwenyewe. Jioni walikuwepo wote, mikono tayari kuinuka.

"Jumapili nilisema uongo hapa kitandani," nikawaambia. "Mungu hakunituma. Ukweli nilikuwa nimeshaambiwa, nikauficha ili mnishangilie."

Mzee wao alichukua kofia yake akatoka. Fundi alinikazia macho, bila utani wowote, kisha akaomba kalamu.

Walimkata juu ya goti. Laiti angekatwa mapema, alisema daktari bila mimi kumwuliza, goti lingebaki, na kwa mguu wa bandia angeweza kujifunza kukanyaga cherehani yake tena. Siku hizi hushona kwa mkono, mbele ya duka la mtu mwingine. Nikipita hunisalimu kwa mzaha, na kila ninapoanza kumwomba msamaha huniuliza suruali yangu imechanika wapi. Sijathubutu kuuhesabu mzaha huo kuwa msamaha. Lakini yu hai, na wa kushukuriwa kwa hilo si mimi wala sala yangu. Ni mkewe.