Chi Si Pepo, Pasta

Siku ya kwanza kazini Madame alinishika mikono akasema, "Baridi. Nenda ukanawe kwa maji ya moto." Nilidhani ni mambo ya usafi. Kumbe kwa tiba ya Kichina mkono wa baridi unamshtua mgonjwa, na mapigo ya damu yanabadilika kabla hujayasoma. Ninyi wadogo mnaotafuta kazi ya Jumamosi, hilo mlijue kwanza.

Ilikuwa mwaka tisini na saba, chumba kimoja juu ya duka, Umbilo Road, ugenini tulikohamia kutoka Kongo. Madame, Mchina wa makamo, ndiye aliyekuwa mkubwa wangu. Yeye alisema Kiingereza, wagonjwa Kiswahili chetu cha Kongo, mimi nikatafsiri. Kazi hiyo inatufaa sisi wenye aibu, maana maneno si yako.

Tulianza na ulimi. Mama zetu waliusugua kwa mswaki nyumbani, wasije wakamwonyesha daktari uchafu. Madame alikuwa karibu kulia: "Tena! Amefuta kila kitu!" Ule utando ndio aliotaka kuusoma. Kisha mapigo, vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono. Kisha chi yenyewe: nguvu ya uhai, alinifundisha, inayotembea mwilini kwa njia zake, ikikwama, unaumwa. Ili itembee tena alichoma majani makavu karibu na ngozi bila kuigusa. Moshi wake mzito, unakaa kwenye nguo.

Ukanifuata mpaka kanisani kwetu, mtaa wa Point. Kwaya ndiyo mahali pekee nilipofungua mdomo bila kutetemeka. Tantine Béa, wa sauti ya kwanza, akaninusa.

"Eish! Huyu anatoka kwa mganga!"

Wenzake wakacheka, wakasogea mbali.

Jumapili iliyofuata Pasta, aliyekuwa ameshasikia habari zote za kazi yangu, aliniita mbele ya watu wote.

"Binti, ile chi iko pepo. Sema hapa kama unaiacha, ubaki kwaya."

Nikasema, "Hapana, Pasta."

"Hapana nini?"

"Si pepo. Mimi sijaiona, hata sijui kama iko. Lakini Madame haiti mizimu. Anauliza umelala vipi, umekula nini. Akishindwa anasema nenda hospitali. Siwezi kuacha pepo ambaye sina."

Papa, baba yangu mzazi, akasimama kwenye benchi lake. "Wewe! Unabishana na Pasta?"

"Ameniuliza, Papa. Namjibu."

Nikavuliwa joho la kwaya palepale. Nilienda kukaa nyuma kabisa, na wimbo ulipoanza niliimba sauti yangu ya pili yote, kwa nguvu, mpaka Tantine Béa akageuka kuniangalia.

Sasa niko matric, mwaka wa mwisho wa sekondari, na nimestaafu, kama wazee. Chi ni nini hasa, bado sijui. Kwenye kitabu cha biolojia haimo. Joho hawajanirudishia. Kanisani wanasema nimeacha kazi kwa sababu nimetubu. Waongo. Hesabu ya shule ilikuwa inanishinda, na Madame mwenyewe ndiye aliyenifukuza nikasome.