Ukuta wa Ukoo wa Viumbe

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sioni kilichonipungukia. Nilipofika Stockholm nilianza kwa kukwangua rangi kuukuu kwenye kuta za watu. Miaka sita baadaye nilikuwa na gari langu na ndoo zangu, na mtaa wetu mzima wa Sundbyberg hakuna Mswidi aliyenyoosha mstari kunizidi. Kwa hiyo shule ya binti yangu, kule Hallunda, ilipotaka mchoro wa undugu wa viumbe kwenye ukuta wa darasa la baiolojia, binti mwenyewe ndiye aliyewaambia, "Baba yangu anaweza."

Mwalimu alinipa karatasi yenye mistari iliyolala, ikigawanyika na kugawanyika tena: vidudu wa kwanza kushoto, sisi, panya na uyoga kulia. Akasema nisimamishe mchoro ukutani. Nikausimamisha. Vidudu, mababu wa wote, nikawaweka karibu na dari, wajukuu chini. Kwetu mkubwa hakai miguuni pa watoto.

Mwalimu alipouona alicheka mpaka akashika meza. "Mti umesimama kwa kichwa!"

"Nani kasema ni mti? Huu ni ukoo."

Binti akanigeukia, kwa Kiswidi, mbele ya mwalimu wake, kana kwamba mimi ni kibarua wa kuokota barabarani. Zamani, akasema, wataalamu walichora ngazi, binadamu kileleni. Baadaye wakachora mti, shina chini. Siku hizi wengine huchora duara, viumbe wote ukingoni, hakuna wa juu.

"Wenye ngazi ndio waliokuwa na akili," nikasema. "Mimi yangu nimeipanda peke yangu. Hao wa duara hawajapanda hata stuli."

"Baba, kesho nasimama mbele ya wazazi kuueleza ukuta huu. Rekebisha."

"Simama. Waambie baba yako hafuti kazi yake."

Njia nzima garini alitazama dirishani. Nikamwacha. Adabu haiombwi.

Kesho yake nilivaa suti, nikakaa safu ya mbele. Alieleza vizuri, hilo silifichi: ngazi, mti, duara. Alipofika kwenye ukuta wangu, akawaomba wazazi wapinde shingo wausome kichwa chini. Wakapinda wote, wakicheka. Mimi sikupinda. Nilikuwa nangoja aseme nani kauchora.

Wakapiga makofi, akaketi. Hakusema.

Nilitoka kabla ya kahawa ya wazazi.