Kitabu Kilichozoea Kuogeshwa

Kutengeneza karatasi zilizoharibika nilijifunza kwenye simu. Sina cheti wala mwalimu. Nina video nilizozitazama hadi bando likaisha, nikanunua jingine, likaisha pia. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha sala, mali ya babu kule kwetu Mpepai, na kurasa zake za mwanzo niliziharibu kwa gundi ya unga. Babu alisema si kitu. Mimi hadi leo sipendi kukiona.

Padri wa kijiji kimoja cha ziwani, ukipita Kihagara kuelekea Lituhi, alisikia habari zangu akaniita. Kanisa lao la Kianglikana lina kitabu cha nyimbo kilichoandikwa kwa mkono, kwa Kinyasa, na katekista wa zamani. Wino alioutumia ulikuwa na chuma na tindikali. Wino wa aina hiyo hukaa miaka mingi ukipendeza huku ukiila karatasi polepole, na pale kalamu ilipokandamizwa herufi hudondoka, kunabaki tundu lenye umbo lake. Nilipoinua ukurasa mmoja dirishani, mwanga ulipita katikati ya maneno.

Maji ndiyo hufanya hali iwe mbaya zaidi. Tone likigusa wino, chuma husambaa, huacha duara la kahawia, na karatasi huanza kuliwa hata pale pasipoandikwa kitu. Kitabu kile kilijaa maduara. Nikamuuliza padri kama paa la kanisa linavuja. Akasema niwaulize akina mama wa kwaya.

Akina mama walinieleza bila kuficha. Mtu akifa, kitabu hupelekwa kwenye nyumba ya msiba na hulala humo hadi siku ya kuanua tanga. Siku hiyo wafiwa huenda ziwani kuoga, ili msiba ubaki majini. Kwa kuwa kitabu nacho kimekaa msibani, nacho huogeshwa: kila ukurasa hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya ziwa, kisha kitabu huanikwa kwenye vichanja vya usipa, dagaa wetu wa huku, hadi kikauke.

Niliwaomba waache, nikawaeleza habari za chuma na tindikali. Mmoja akawageukia wenzake. "Hawa Wamatengo wa milimani wanaogopa maji mpaka kwa niaba ya vitabu." Wakacheka, nami nikacheka, ila hakuna aliyesema kwamba wataacha.

Nikapewa chumba nyuma ya kanisa. Nilifungua mshono, nikatenganisha karatasi, nikaanza kazi ambayo sasa nikiikumbuka shingo inauma. Unakata kipande cha karatasi laini kama ganda la kitunguu, kilichopakwa jelatini kikakauka. Unakigusisha kwenye sponji yenye unyevu, kiasi cha kunata tu, unakibandika nyuma ya mstari uliopasuka, unakiwekea jiwe. Kisha unaanza kingine. Tatizo langu ni kwamba siwezi kuacha. Kiraka kikikaa upande kwa unene wa unywele, nilikibandua ili nikirudie, na kila nilipobandua, herufi nyingine iliondoka nacho. Nikiri basi: si maneno yote yaliyopotea mle yalipotezwa na wino.

Karatasi zingali chini ya mawe, akafariki bibi aliyekuwa akiiongoza kwaya. Alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni kwangu asubuhi, kuniuliza nimefika wimbo gani, na kuondoka. Binti yake, mama mtu mzima, alikuja kukichukua kitabu. Nilimwamkia, nikampa pole, nikamwonyesha meza. Nikamwambia nina nakala ya rangi iliyotolewa Mbinga mjini, nzuri, inasomeka kila neno lililobaki.

Aliishika, akaitazama pande zote mbili, akanirudishia. "Hii haijawahi kulala kwa mtu," alisema.

Sikuwa na nguvu za kubishana na mfiwa. Nilizipanga karatasi kwenye boksi, nikalibeba mwenyewe, na siku zote za msiba nilikaa kando yake, nikikohoa moshi wa jikoni na kukitazama kila kikombe cha chai kilichopita kama mwizi. Hakuna aliyelifungua. Waliimba kwa kichwa.

Siku ya kuanua tanga tuliteremka ziwani asubuhi. Yule binti alinifuata akiwa na kitambaa mkononi.

"Lete."

Nikamwambia kikipanguswa leo, nyimbo za mama yake zitabaki matundu.

"Na kisipooga kitaupeleka msiba wetu kwa jirani. Watu watakikataa mlangoni. Utakuwa umetengeneza kitabu cha kukaa kabatini."

Miezi yote ile nilikuwa nimeihangaikia karatasi tu. Sikuwahi kujiuliza nani atakifungulia mlango. Nilichoka ghafla, nikakaa mchangani, nikafungua boksi. Nikainua karatasi ya juu, vidole vimetandazwa chini yake, nikamwonyesha jinsi anga lilivyoonekana kupitia maneno. Aliinama. Hakuigusa. Alitazama viraka vyangu, vilivyonyooka na visivyonyooka.

"Kumbe kinaumwa," alisema.

"Kinaumwa, mama."

"Umekuja hapa unatusomesha chuma na tindikali. Ungesema tu kinaumwa." Akakifunga kitambaa kiunoni. "Mgonjwa haingii majini. Ndugu yake huoga badala yake. Mimi, tangu mama aanze kuugua, mwaka huu mzima nimemwogea kwenye misiba ya watu."

Akaingia ziwani na wenzake, wakaoga, wakatoka. Kisha akageuka akarudi peke yake, nguo ikiwa bado inachuruzika, akazama mpaka kichwa kisionekane. Akina mama walimsubiri ufukweni. Mimi nilisimama nimelikumbatia boksi kifuani, nikiwaza juu ya nywele zake na matone yake, na upepo unaotoka ziwani.

Alipotoka hakuja upande wangu. Alisimama mbali, pale ambapo upepo usingeyaleta matone yake kwenye boksi, akazikamua nguo zake, akakaa palepale kwenye jua akisubiri kukauka.